Neno "Get" Nusura Limnyang'anye Mama Watoto!

Kama ulipita sekondari, bila shaka kidato cha kwanza ulikaririshwa kama mimi: "get" maana yake pata. Mwalimu kaandika ubaoni, sisi tukanakili, kengele ikalia. Tulitoka pale vichwa vimevimba, tunajiona tunachapa ung'eng'e kama tumezaliwa London.

Wee acha tu! Nilikuja kugundua kwamba ile "pata" ni nusu ya nusu, na aliyenifumbua macho hakuwa profesa. Ni mama mmoja Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, kule kwetu Kasulu.

Kwa wasioijua, Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita ilipolipuka Zaire na watu wa Kivu ya Kusini wakavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Mwaka 2015 wakaongezeka Warundi. Enzi zile soko la kambini lilikuwa linatuchanganya wenyeji na wakimbizi: sisi tunapeleka mihogo na ndizi, wao wanatuuzia vitenge. Hapo ndipo nilipokutana na mshikaji wangu, mtoto wa yule mama. Yeye shuleni kwao anasoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Mimi nina ung'eng'e wangu wa kukariri. Basi tukawa tunafundishana.

Sasa sikia kasheshe. Mwaka 2017 mama akaitwa kwenye usaili wa kuhamia nchi ya tatu. Anayeuliza ni Mzungu, anatumia Kiingereza. Katikati kakaa mkalimani. Mama akaeleza kuwa mwaka 1998, kule Fizi, vita vilimkuta yupo shambani, watoto wake wawili wapo kijijini, na kwamba alikimbia nao. Mzungu akataka kujua kama alirudi kuwachukua. Akauliza: "Did you get the children from the village?"

Mkalimani, ambaye naye nadhani alifundishwa na mwalimu wangu, akageuza: "Watoto uliwapata kijijini?"

Mama akasikia alichosikia. Kwa Mswahili yeyote, kupata mtoto ni kuzaa! Akajibu bila wasiwasi: "Hapana, nilibazala ku Uvira, ku hopitali." Mkalimani akafupisha: hapana. Kalamu ikaandika kwamba hakuwachukua watoto.

Umekiona kimbembe? Juu ya karatasi mama kasema alikimbia na watoto, chini kasema hakuwachukua. Kwenye usaili kama ule, maneno yakigongana unaonekana mwongo. Kisha litakuja swali baya zaidi: hawa watoto ulionao ni wa nani? Mtu aliyekimbia risasi hana cheti cha kuzaliwa wala picha. Ushahidi wake ni mdomo wake, na siku ile mdomo wake ulikuwa umeazimwa na mkalimani.

Bahati nzuri mwishoni alisomewa maelezo yake. Walipofika pale mama akaruka kitini: "Miye niliacha batoto? Mumoja nilikuwa naye ku mugongo!" Swali likarudiwa, safari hii kwa maneno manyoofu: ulirudi kuwachukua? Ndiyo. Karatasi ikarekebishwa.

Mshikaji alinisimulia huku anacheka. Mama yake hakucheka hata kidogo. Yule wa mgongoni, kumbe, ndiye mshikaji mwenyewe.

Siku hiyo tukafungua daftari, tukaanza kumsaka huyu "get". Get up, amka. Get in, ingia. Get out, toka. Mtu akisema "I get it", kaelewa. Ukiambiwa "get me water", lete maji. Got married, kaoa au kaolewa. Got tired, kachoka. Got beaten, kapigwa. Ukurasa ukajaa, "pata" haikutokea hata mara moja!

Ndipo nikashtuka. Mwingereza kalitwika neno moja mizigo yote, halafu analisindikiza na vijineno vyake. Sisi mizigo tunaipakia kwenye mkia wa kitenzi: oa, olewa, leta, letea, piga, pigwa. Anayetafuta neno moja la kuziba pengo la "get" atatafuta mpaka kiama.

Na hatuko peke yetu. Mshikaji ana binamu yake Finland, nchi ambayo nayo huchukua Wakongo katika mgawo wake wa wakimbizi. Binamu akatuambia kwamba "get" ya kupokea kitu Wafini huiita "saada". Ila kwenda kuchukua ni "hakea", kuelewa ni "ymmärtää", kuchoka ni "väsyä", kuugua ni "sairastua". Sasa onjeni utamu: hiyo "saada" yao pia ni kuruhusiwa. Mfini akibisha hodi husema "Saanko tulla?", yaani naruhusiwa kuingia? Na sisi je, hatusemi "nifungulie nipate kuingia"? Watu wa theluji na watu wa Kasulu wamekutana njiani, Mwingereza hana habari!

Lakini tusimcheke sana Mwingereza, maana na sisi tuna "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura. Mfini kila moja ana neno lake: "soittaa", "silittää", "äänestää". Mpe mkalimani mvivu sentensi kama "jirani alinipiga picha", uone kama jirani hajalala rumande.

Kwa hiyo msomaji wangu, siku ukiombwa kutafsiri, iwe kwa daktari, kituoni au kwa bibi yako aliyepokea barua ya Kimombo, usitafsiri neno, tafsiri jambo. Hujaelewa? Uliza, hakuna aibu. Bora uonekane mshamba dakika moja kuliko mtu aumie maisha. Na wewe unayetafsiriwa, usitie dole gumba kabla hujasomewa ulichosema. Yule mama aliokolewa na masikio yake mwenyewe.

Walisafiri mwaka 2018, wapo Marekani. Juzijuzi mshikaji kanitumia ujumbe kwa ung'eng'e: "Mama got a job." Nikacheka peke yangu barabarani, watu wakanishangaa. Nikamjibu: "Hongera sana, Mama kapata kazi!"

Hapo, lazima nikiri, mwalimu wetu alikuwa sahihi.