Mbolea ya Kibanja

Nchi ya Wahaya, kando ya ziwa Viktoria, ni nchi ya mvua nyingi. Katika mji wa Bukoba hunyesha kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huichukua rutuba ya udongo na kuishusha chini, mizizi isikofika. Jambo hili laonekana wazi katika mbuga za nyasi zilizo nje ya vijiji, ambazo Wahaya huziita rweya. Mgomba ukipandwa hapo bila mbolea hudhoofika upesi. Bali kibanja, ambamo migomba na mibuni huizunguka nyumba, kimezaa vizazi kwa vizazi, kwa sababu watu wamekilisha samadi ya ng'ombe, nyasi za rweya na takataka za jikoni.

Lakini si kila mwenye kibanja ana ng'ombe. Huyo afanyeje? Anayo majani makavu ya migomba, na magogo yake, na maganda ya ndizi na ya kahawa. Vitu hivi havina budi kuoza kwanza, na waozeshaji ni viumbe hai wadogo mno, bakteria na kuvu, ambao wengi wao hawaonekani ila kwa hadubini. Wahaya wamewatumia jamaa za viumbe hao tangu zamani pasipo kuwaona. Maji ya ndizi mbivu yakichanganywa na unga wa mtama hulazwa katika hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, na kesho yake yametoa povu, yamekuwa rubisi. Ni hamira, aina ya kuvu, iliyokula sukari.

Viumbe wa lundo nao wataka chakula, maji na hewa. Majani makavu peke yake ni kama ugali bila kitoweo. Huongezwa majani mabichi, au samadi kidogo ya kuomba. Tena kati ya tabaka na tabaka hunyunyizwa mbolea iliyokwisha kuiva, kwa maana viumbe hao wamo humo tele, nao huanza kazi mara. Wako wauzao viumbe hao katika chupa, lakini kikapu cha mbolea ya jirani chatosha.

Baada ya siku chache lundo hupata joto, pengine hata digrii 60, na mbegu nyingi za magugu hufa. Fimbo iliyochomekwa ndani ikitoka baridi na kavu, lundo lataka maji. Ikitoka na uvundo, limekosa hewa, ligeuzwe. Likitunzwa vema huiva kwa miezi mitatu hivi, likawa jeusi, lenye harufu ya udongo wa msituni. Hapo hutandazwa kuzunguka mashina ya migomba, na kikapu kimoja hubakizwa kwa lundo lijalo.