Shilingi ya Waziri na Mtaro wa Kariakoo

Paukwa! Mbona mmeitikia wachache? Paukwa! Naam, sasa nimewasikia. Sogeeni, ila leo sina sungura wala fisi. Nina mbunge, nina waziri, na nina shilingi moja ambayo haitoshi kununua hata pipi lakini huwatoa mawaziri jasho.

Tuanzie Kariakoo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliwaka moto. Ninyi wengine mlikuwa wadogo mno, lakini waulizeni kaka na dada zenu. Ni lile soko lenye paa la miavuli mikubwa ya zege, alilolibuni msanifu wetu Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Watu waliamka wakakuta moshi, na mali imeteketea. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawakuliwaza siku ile: mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Moto ulikuja siku tisa baadaye. Wabunge walikuwa wameshapiga kura ya bajeti huko Dodoma na kurudi majimboni, na katika vitabu walivyovipitisha hakuna aliyeandika kwamba soko la Kariakoo litaungua.

Likitokea janga kama hilo utasikia watu wakiuliza: mbunge wetu yuko wapi? Alete hela! Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza, maana mbunge hana hela za kuleta. Ana mshahara wake, na kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mfuko huo husaidia mabati ya darasa, saruji, vitu vya namna hiyo. Soko haujengi.

Hela kubwa ziko Hazina, na mlango wake una mlinzi mkali: Katiba, Ibara ya 99. Inasema Bunge halitashughulikia pendekezo la kuongeza kodi au matumizi ya Serikali mpaka Rais alipendekeze na pendekezo lake liletwe bungeni na waziri. Maana yake mbunge hawezi kusimama siku ya bajeti akasema, "Niongezeeni bilioni tano kwa ajili ya Kariakoo," kisha wenzake wakapiga makofi na hela zikaja. Marekani wabunge wana uwezo huo kwa kiasi kikubwa. Huandika wenyewe katika sheria ya bajeti kwamba fedha fulani ziende kwenye daraja fulani la jimboni kwao. Wetu hawana. Wao hushawishi, hubana, na hukumbusha.

Hapa ndipo shilingi inapoingia. Kikao cha bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Kila waziri husoma hotuba yake na kuomba fedha za wizara. Halafu Bunge zima hugeuka kuwa Kamati ya Matumizi, na kifungu kinachosubiriwa na kila mtu ni mshahara wa waziri. Mbunge ambaye hakuridhika na majibu husimama na kutangaza kwamba anashika shilingi. Yaani anatoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Msicheke! Wenzake wakisimama kumuunga mkono, mjadala unafunguka, na waziri hawezi tena kujibu kwamba "Serikali inalifanyia kazi" kisha akakaa. Hubanwa atoe ahadi yenye mwaka na kiasi, nayo inaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Ahadi ikiridhisha, mbunge hurudisha shilingi yake. Mara nyingi hurudishwa, kusema kweli, na wakati mwingine hurudishwa upesi kuliko ilivyopaswa.

Lakini ushike shilingi ya waziri yupi? Hilo ndilo linalomtenganisha mbunge hodari na mpiga kelele. Chukueni mtaro ulioziba kwenye mtaa wenu, tuseme karibu na Mtaa wa Mkunguni. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara ya Morogoro, iliyo hatua chache kutoka hapo, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, chini ya Wizara ya Ujenzi. Mbunge akimbana waziri wa ujenzi kwa mtaro wa Mkunguni, ataambiwa kwa heshima zote kwamba amegonga mlango wa jirani. Na mtaro huo hauanzii Dodoma. Huanzia kwenye mkutano wa mtaa, unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye baraza la madiwani la Jiji, ambako mbunge naye ni mjumbe. Usipotajwa huko chini, mbunge akienda Dodoma atakuwa anaomba kitu ambacho halmashauri yake mwenyewe haikukiomba.

Kuna ujanja mwingine, na kwangu huu ndio mkubwa kuliko wote: kuonyesha kwamba shida ya mtaa wako ni shida ya nchi. Tazameni Jangwani, palepale chini ya Kariakoo. Mto Msimbazi ukifurika, maji hupanda barabarani, mabasi ya mwendokasi husimama, na watoto wa Magomeni hawavuki kwenda shule za mjini. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa miaka mingi Jangwani ilisemwa kama shida ya wakazi wa bondeni. Lakini barabara inayopita pale ndiyo inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Dodoma na hadi mipakani. Jangwani ikifungwa, mzigo wa mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuja kununua vitenge Kariakoo unakwama. Ikitazamwa hivyo, inakuwa hoja ya taifa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, Uholanzi na Hispania nazo zikachangia, na ndani ya mradi huo limo daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390. Hakuna mbunge mmoja anayeweza kusema daraja hilo ni lake. Akisema, mwulizeni mkopo utalipwa na nani. Jibu ni ninyi, mkishakua na kuanza kulipa kodi.

Na kodi mnalipa hata sasa. Bajeti ya mwaka 2021/22, ileile iliyotangulia moto, iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bodaboda anayekupeleka Gerezani anachangia TARURA kila anapojaza tangi. Kwa hiyo nikiona bango lenye picha ya kiongozi na maneno "nimewaletea barabara", huwa nacheka kidogo. Ameifuatilia, sawa, na tumshukuru kwa hilo. Hela ni zetu.

Kariakoo imo ndani ya jimbo la Ilala, na mbunge wake tangu 2005 ni Mussa Azzan Zungu. Mwaka 2022 akawa Naibu Spika, na Novemba 2025 akachaguliwa kuwa Spika. Hapo pana kitendawili kizuri: Spika huendesha mjadala, hashiki shilingi ya mtu. Je, jimbo la Spika husemewa na nani? Wengine watasema hahitaji kusimama, waziri gani atampuuza? Mimi nasema ndiyo maana madiwani wa Ilala wanapaswa kupaza sauti zaidi.

Na lile soko? Serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jengo jipya la ghorofa kando yake, na kazi ikaanza mwaka 2022. Kutengewa fedha, hata hivyo, si kuzipokea. Bajeti ni makisio. Hazina hutoa fedha kidogo kidogo kadiri makusanyo yanavyoingia, na mradi unaweza kupitishwa kwa makofi Juni ukafika Machi haujapata hata nusu. Kisha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua na kuandika ripoti, ambayo husomwa na wachache mno.

Basi siku mbunge au diwani akija mtaani kwenu, msimwulize kama mtaro utajengwa. Atasema utajengwa. Mwulizeni uko kwenye kifungu kipi cha bajeti, cha mwaka gani wa fedha, na mpaka leo zimetoka shilingi ngapi.