Slaidi ni Maleba, Mwasilishaji Ndiye Fanani: Mbinu za Kuandaa na Kutoa Wasilisho Lenye Mashiko

Utangulizi

Maendeleo ya sayansi na teknolojia yamebadilisha pakubwa namna maarifa yanavyosambazwa vyuoni. Ubao na chaki vingalipo, lakini ni nadra siku hizi mwanafunzi wa uzamili kutetea pendekezo lake la utafiti, au mhadhiri kutoa makala yake kongamanoni, pasi na tarakilishi na projekta. Hata hivyo, kumiliki chombo si sawa na kujua kukitumia. Mara nyingi mwasilishaji husimama kando ya ukuta, akaipa hadhira mgongo na kusoma neno baada ya neno yale ambayo kila mtu ameshajisomea. Dakika ya kumi ikifika, baadhi wanasinzia, wengine wanachungulia simu zao, na mwenyekiti anakumbusha kwamba muda umeyoyoma ilhali matokeo ya utafiti hayajaguswa. Kazi ya miaka miwili hupotea hivyo mikononi mwa mwenyewe.

Makala haya yanafafanua jinsi slaidi zinavyoweza kuandaliwa na kutumiwa ili zimfae mwasilishaji badala ya kumfunika. Hoja yake kuu ni kwamba slaidi haisemi. Asemaye ni mtu. Kwa istilahi ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anazifahamu, mwasilishaji ni fanani, wasikilizaji ni hadhira, na slaidi ni maleba tu. Maleba humsaidia fanani kuipa hadithi uhai, lakini hayajapata kusimulia hadithi yenyewe.

Chimbuko la Slaidi za Tarakilishi

Kabla ya tarakilishi kuenea, wahadhiri walitumia karatasi angavu za plastiki zilizomulikwa ukutani. Kuziandaa kulikuwa na gharama na kazi, hivyo msemaji alichagua kwa makini kile kilichostahili kuonyeshwa. Mnamo mwaka wa 1987, kampuni ya Forethought ya Marekani ilitoa programu ya PowerPoint, iliyobuniwa na Robert Gaskins akishirikiana na Dennis Austin. Mwaka uo huo, kampuni ya Microsoft iliinunua Forethought kwa dola milioni 14. Tangu hapo, kutengeneza slaidi kukawa jambo la kubofya tu, na kile kizuizi cha gharama kilichomlazimisha msemaji kuchagua kikatoweka.

Ifahamike kwamba programu hii ilikusudiwa kwanza mikutano ya kibiashara. Ule muundo wa kichwa kifupi juu na vitone vingi chini yake ni mazoea ya chombo, wala si kanuni ya usomi. Mtafiti wa Kiswahili halazimiki kuufuata.

Kwa Nini Slaidi Iliyojaa Maneno Humtatiza Msikilizaji

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Binadamu anaweza kuitazama picha huku akiyasikiliza maelezo yake, kwa kuwa picha hupitia macho na maelezo hupitia masikio. Lakini kusoma sentensi moja na wakati huohuo kusikiliza nyingine ni kazi mbili za lugha zinazogombea akili moja.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameshughulikia suala hili kwa miaka mingi. Katika majaribio aliyoyafanya na wenzake, wanafunzi walioona picha tendi na kusikia maelezo yake walielewa zaidi kuliko wale walioona picha hizo, wakasikia maelezo, na juu ya hayo wakawekewa maandishi ya maelezo yaleyale. Nyongeza iliyodhaniwa kuwa msaada ikawa mzigo.

Isitoshe, mtu hujisomea kimoyomoyo kwa kasi kuliko msemaji anavyotamka. Hadhira inayosoma slaidi hufika mwisho wa ukurasa huku mwasilishaji akiwa mstari wa tatu. Tangu hapo haina haja naye.

Funzo la Columbia

Pana wanaodai kwamba hili ni suala la urembo tu. Kisa cha Columbia kinawasuta. Mnamo tarehe 16 Januari 2003, chombo hicho cha anga cha Marekani kilirushwa kikiwa na wanaanga 7. Sekunde zipatazo 82 baadaye, kipande cha povu kilibanduka kutoka kwenye tangi la nje na kuligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitathmini hatari hiyo na kuwasilisha tathmini yao kwa slaidi.

Kichwa cha slaidi moja kilitoa taswira kwamba makadirio kuhusu kutobolewa kwa vigae vya kukinga joto yalielemea upande wa usalama. Chini yake vilifuata vitone vilivyopangwa kwa ngazi kadhaa, kila ngazi na ujongezo wake. Katika kitone cha mwisho kabisa ndimo lilimofichwa jambo zito: hali halisi ya safari ilikuwa nje kabisa ya yale yaliyojaribiwa. Ujazo wa kipande cha povu ulikadiriwa kuwa inchi 1,920 za ujazo, ilhali majaribio yalitumia kipande cha inchi 3. Kwa vipimo vya kawaida, hicho cha kwanza ni zaidi ya lita 31, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Cha pili hakifiki mililita 50, kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa ya barazani. Tofauti ni ya mara 640.

Tarehe 1 Februari 2003, Columbia ilivunjikavunjika ilipokuwa ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotolewa Agosti 2003, iliirejelea slaidi hiyo pamoja na uchanganuzi wake uliofanywa na Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa data. Bodi iliona kwamba mkuu wa ngazi ya juu angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba maisha ya watu yalikuwa hatarini. Slaidi haikukiangusha chombo. Povu ndilo lililolitoboa bawa. Hata hivyo, onyo lilikuwepo, likaandikwa, likaonyeshwa, na halikusikika. Jopo la watahini halishughulikii uhai wa wanaanga, lakini kosa ni lilelile: jambo kuu huzikwa chini ya mengine, na kichwa cha slaidi hutangaza jingine.

Kuandaa Slaidi

Maandalizi mema huanzia kwenye karatasi. Kabla ya kuiwasha tarakilishi, mwasilishaji ajiulize: iwapo msikilizaji atakumbuka sentensi moja tu kesho yake, ni ipi? Sentensi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa wasilisho. Tasnifu ya kurasa 150 haiwezi kuingia katika dakika 15, na hailazimiki kuingia. Slaidi 10 hadi 12 zinatosha kwa muda huo. Sehemu ya misingi ya nadharia, ambayo aghalabu humeza nusu ya muda, ipewe dakika mbili ili matokeo yapate nafasi yake.

Pili, kila slaidi ibebe hoja moja, na kichwa chake kiwe sentensi inayoitamka hoja hiyo. Kichwa kama vile “Matokeo ya Utafiti” hakisemi lolote. Tuseme mtafiti amechunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi. Kichwa chake kingefaa kuwa: “Makosa huongezeka kitenzi kinapokuwa mbali na nomino.” Chini ya kichwa hicho hahitaji vitone sita. Anahitaji mfano mmoja kwa herufi kubwa:

Kitabu ambacho mwalimu alinunua juzi imepotea.

Katika sentensi hiyo, silabi “ki” ya “kitabu” na kiambishi “i” cha “imepotea” vikitiwa rangi moja iliyokoza, na maneno mengine yakiachwa meusi, jicho litaliona kosa kabla ya mwasilishaji kufungua kinywa. Kisha slaidi inayofuata imwonyeshe msikilizaji “kimepotea”. Maelezo ya umbali baina ya nomino na kitenzi yatatoka kinywani mwa msemaji.

Mbinu hii inaifaa mno mofolojia ya Kiswahili, lugha ambayo neno lake moja hubeba sentensi nzima. Kitenzi “hawatakupikia” kina mofimu saba: ha-wa-ta-ku-pik-i-a. Zikionyeshwa zote saba kwa pamoja na maelezo yake, hadhira hutapatapa. Zikijitokeza moja baada ya nyingine, kadiri msemaji anavyozitaja, kikanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio hufuatwa bila shida. Hapa ndipo mwendo wa slaidi unapokuwa na maana. Herufi zinazobingirika na kuingia kwa mbwembwe bila sababu ni sawa na fanani anayeruka jukwaani pasipo hadithi.

Kwa upande wa ushairi, kuna jambo la kuzingatia. Shairi la tarbia lenye beti kumi lina mishororo 40, na kila mshororo kwa kawaida una mizani 16. Kulibandika lote ukutani ni kuwapa watu kazi ya kuchungulia. Uteuliwe ubeti mmoja unaoithibitisha hoja, vina vya kati na vya mwisho vitofautishwe kwa rangi, kisha usomwe kwa sauti na kwa madaha yake. Katika hali hii kuisoma slaidi si kosa, kwa kuwa maandishi yenyewe ndiyo ushahidi unaojadiliwa.

Kuhusu herufi na rangi, kanuni ni nyepesi. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 24, na maandishi meusi juu ya mandhari meupe husomeka vyema katika ukumbi wenye madirisha makubwa yasiyo na mapazia. Rangi nyekundu na kijani zisitegemewe peke yake kutofautisha mambo, kwani wapo watu, hasa wanaume, wasiozitofautisha. Jedwali la safu kumi likatwe hadi zibaki zile mbili zinazozungumziwa. Kipimo cha yote haya ni kwenda nyuma kabisa ya ukumbi na kujaribu kusoma.

Aidha, mtafiti wa Kiswahili ana adui wa ziada. Programu nyingi huwa zimewekwa katika Kiingereza, na huyasahihisha hata yasiyo makosa. Kiambishi “i” kikiandikwa peke yake hugeuzwa kuwa herufi kubwa, na uchanganuzi wa mofimu ukaharibika bila mwandishi kutambua. Vilevile, alama za kifonetiki, kama vile ŋ ya sauti ya kwanza katika “ng’ombe” au ɣ ya “ghali”, huweza kugeuka visanduku vitupu katika tarakilishi isiyo na fonti hiyo. Dawa ni kuzima usahihishaji wa moja kwa moja, na kuhifadhi nakala ya wasilisho katika muundo wa PDF.

Kutoa Wasilisho

Mwanafunzi wa fasihi simulizi amejifunza kwamba fanani hutegemea sauti, ishara za mwili, mtazamo wa macho na kimya. Anayaandika hayo katika mtihani na kupata alama, kisha anayasahau siku ya kutetea pendekezo lake. Yanafaa kurejeshwa. Mwasilishaji aikabili hadhira, si ukuta. Anapoleta slaidi mpya, anyamaze kwa sekunde chache ili watu waitazame, ndipo aifafanue. Akitaka macho yote yamrudie, abonyeze kibonye cha herufi B katika PowerPoint: skrini itakuwa nyeusi hadi atakapokibonyeza tena.

Mazoezi yafanywe kwa kusema, wala si kwa kupitisha macho. Mwasilishaji asimame, aweke saa, amwombe mwenzake asikilize kisha amweleze alichoelewa. Ikiwa alichoelewa mwenzake sicho kilichokusudiwa, slaidi zirekebishwe kabla jopo halijakutana.

Umeme nao hupotea, na nyaya za projekta hukataa kuafikiana na tarakilishi. Kwa hiyo nakala iwe katika flashi na katika baruapepe, na karatasi moja yenye hoja kuu na mifano iwe mfukoni. Atakayeweza kuendelea gizani bila kuyumba amedhihirisha kwamba wasilisho lilikuwa lake, si la mashine.

Mwishowe, slaidi ya kufungia isiwe ile ya “Asanteni kwa kunisikiliza”. Shukrani hutolewa kwa mdomo. Slaidi hiyo ndiyo itakayokaa ukutani muda wote wa maswali. Basi ibebe hitimisho la utafiti. Kila slaidi ipewe nambari, ili anayeuliza aweze kusema “turejee slaidi ya 7” na wote wakafika hapo pamoja.

Hitimisho

Kiswahili kimepanuliwa majukwaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mnamo 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Makongamano yanayoendeshwa kwa lugha hii huleta pamoja wasikilizaji wa nchi mbalimbali, na kila wasilisho linaloboa huwapa hoja wale wanaodai kwamba Kiswahili hakifai kwa mijadala ya kitaaluma. Ilhali kosa si la lugha.

Kizuri chajiuza, husema wengi, wakidhani utafiti mzuri utajieleza wenyewe. Lakini wahandisi wa Columbia walikuwa na ukweli mikononi, na haukujiuza. Ni jukumu la mwasilishaji kuuweka ukweli mahali panapoonekana, kuusema kwa sauti yake, na kuwatazama machoni wanaousikiliza. Mababu waliokesha wakitamba ngano gizani, bila umeme wala skrini, waliishika hadhira yao hadi jogoo la kwanza. Aliyerithi sanaa hiyo, kisha akaongezewa projekta, hana udhuru wa kuwalaza watu saa nne asubuhi.