Kutoka Observatory hadi mjini: kidole kimoja na hesabu ya nauli



Mara kwa mara napigiwa simu na mwenzetu anayekuja Chuo Kikuu cha Witwatersrand kusoma au kufundisha, na swali ni lile lile: "Nikipanga chumba huko Observatory, mjini nitafikaje bila gari?" Jibu fupi ni teksi. Jibu refu ndilo hili, maana teksi za hapa zina kanuni zake, na mimi zilinitoa jasho.

Kwanza tuelewane. Nasema Observatory ya Johannesburg, sio ile ya Cape Town. Ukikodi chumba kwenye intaneti angalia vizuri, kwani kati ya miji hiyo miwili kuna kilomita zipatazo 1,400. Mtaa wetu uko kilimani, mashariki ya katikati ya mji, na jina umelipata kwa kituo cha kutazamia nyota kilichoanzishwa mwaka 1903. Hapo ndipo Robert Innes alipoigundua Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Basi nyota ya karibu tumepata, treni ya karibu hatuna! Gautrain ilianza 2010 kati ya uwanja wa ndege na Sandton, na tangu 2012 inafika Park Station mjini, lakini huku kwetu haipandi. Mabasi ya Rea Vaya, ndugu wa mwendokasi wa Dar, yalianza 2009 kwa njia ya Soweto hadi Ellis Park, na Ellis Park iko bondeni. Ukitaka kutoka mlangoni kwako asubuhi ukafike mjini, utapanda teksi.

Sasa hapa neno linatudanganya. Kwetu teksi ni gari unalokodi peke yako. Hapa teksi ni kile Mtanzania anachoita daladala na Mkenya matatu: Hiace ya watu kumi na tano hivi na dereva wao. Zilistawi kwa sababu chini ya ubaguzi wa rangi watu weusi waliwekwa mbali na kazi zao, na usafiri waliopewa haukutosha. Mwaka 1957 kampuni ya mabasi ilipopandisha nauli ya Alexandra kutoka peni 4 hadi peni 5, maelfu waligoma kupanda. Kwa zaidi ya miezi miwili walitembea kilomita kama 15 kwenda kazini, na jioni wakarudi kwa miguu, wakifuata barabara ya Louis Botha inayopita kaskazini ya mtaa wetu. Neno lao lilikuwa "Azikwelwa", yaani hayapandwi. Serikali ilipolegeza masharti ya leseni mwishoni mwa miaka ya 1980, hizi gari ndogo zikajaa barabarani, na mpaka leo ndizo zinazobeba abiria wengi kuliko treni na mabasi.

Nilipofika 2007 nilisimama barabarani nikipunga mkono kama niko Mwenge. Teksi zikanipita tu. Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akiuza mboga soko la Yeoville, akanicheka: "Papa, unakweza kidole moja juu. Ni town hiyo." Nikainua kidole cha shahada, ya kwanza tu ikasimama. Kumbe kila uelekeo una ishara yake. Kidole kimoja juu ni katikati ya mji; kidole kikielekea chini ni safari fupi za hapa hapa; kiganja kilichokunjwa kama kimeshika chungwa ni Orange Farm. Msanii Susan Woolf alizikusanya ishara hizi kwa miaka, na mwaka 2010 posta ya Afrika Kusini ikazichapa kwenye stempu.

Kosa langu la pili lilikuwa kukaa mbele. Nilidhani ni siti ya mgeni wa heshima. Bwana wee! Teksi za hapa hazina konda. Abiria wanakusanya nauli wenyewe: siti ya nyuma inahesabu, inampa wa mbele yake, na pesa zinasogea bega kwa bega mpaka kwa aliyekaa karibu na dereva. Huyo ndiye anayejumlisha, anarudisha chenji, kisha anamkabidhi dereva. Siku ile konda ni mimi. Nyuma mtu anasema "babili", mwingine "bathathu", noti zinakuja, mimi natazama tu.

Halafu ikanijia. Babili, wawili. Bathathu, watatu. Bane, wanne. Bahlanu, watano. Ile ba- yao ndiyo wa- yetu! Na pesa ni imali. Miaka mingapi nimefundisha ngeli za nomino ubaoni, nazo zilikuwa zikinigonga begani nisizitambue. Nilikosea chenji ya mtu mmoja, tukasahihisha, tukafika.

Lakini nisiwadanganye kwamba undugu wa lugha unatosha. Tarehe 11 Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianza Alexandra zikasambaa, na zaidi ya watu 60 waliuawa. Baadhi ya waliosimamishwa waliulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ni indololwane. Hesabu nilizibahatisha kwa Kiswahili changu. Neno hili hubahatishi. Wiki zile nilikaa siti ya katikati, kidole juu, mdomo kimya. Siku moja mama aliyekaa pembeni yangu alihesabu na yangu bila kuniuliza, akasema "babili". Sijui kama alijua mimi ni mgeni. Nadhani alijua.

Kwa hiyo, ndugu unayekuja, shika haya. Uwe na chenji. Asubuhi usitoe noti kubwa. Usibamize mlango. Kama hesabu zinakusumbua, siti ya mbele mwachie mwingine. Ukitaka kushuka sema "short left", maana yake nishushe hapo mbele kidogo kushoto, au "after robot", yaani baada ya taa za barabarani (robot ni taa, usitafute mashine!). Ukienda Wits shuka mjini uvuke kwa miguu kwenda Braamfontein. Ukienda mtaa mwingine, mara nyingi utabadilisha gari mjini na kulipa tena, kwa sababu njia nyingi zinakutana huko. Uliza mapema foleni yako iko stendi ya Noord au ya Bree. Usiku usifanye ushujaa, ita gari la kukodi.

Na jifunze kuhesabu kwa Kizulu, angalau mpaka kumi na tano, idadi ya gari zima. Kidole kitakufikisha mjini hata ukiwa bubu. Ila wenzako wakikupa pesa zao uzishike, hapo unahitaji kuwajibu.

Karibuni Observatory. Chai ipo.