Mapafu Yaliyochoka Kabla ya Waba

Mwaka 1918, vita vikuu vikikaribia ukingoni, homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikafuata reli hadi bara, nayo katika ulimwengu mzima inakadiriwa kuwa iliua watu wasiopungua milioni 50. Karne moja baadaye, Uviko-19 ulipotangazwa kuwa janga la dunia mwezi Machi 2020, ilidhihirika kwamba miongoni mwa waliozidiwa upesi ni wale ambao mapafu yao yalikwisha dhoofika zamani.

Katika nchi zetu udhaifu huo aghalabu huanzia jikoni. Mwanamke aliyeinamia mafiga, akipuliza kuni mbichi katika banda lisilo na dirisha wala dohani, machozi yakimtiririka na mtoto yu mgongoni, huvuta chembe za moshi zipenyazo hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya hewa; na hali hiyo ikijirudia asubuhi na jioni kwa miaka 20 au 30, mirija huvimba na kusinyaa, belghamu hujaa, na vifuko huharibika, hata pumzi iliyoingia isiweze kutoka kwa wepesi. Wengine hudhuriwa na tumbaku, na vumbi la migodini, au na makovu ya kifua kikuu walichokwisha kupona. Maradhi haya sugu ya mapafu, yazibayo njia za hewa, yaliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Na katika wafao kabla ya kutimiza miaka 70, takriban tisa katika kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kikohozi kikidumu, zahanati hushuku kifua kikuu. Makohozi yakipimwa na vimelea visionekane, mgonjwa huweza kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa, kwa sababu kipimo cha kupuliza hewa, ambacho ndicho kingebainisha maradhi yake, ni adimu nje ya hospitali kubwa. Waba ukiwadia, mtu huyo hana akiba ya pumzi, naye huhitaji oksijeni mapema, palipo na mitungi michache.

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mkakati huo husifiwa kwa kuinusuru misitu, na ni haki. Lakini wastahili pia kuhesabiwa pamoja na chanjo na barakoa katika maandalizi dhidi ya waba, na bei ya kujaza tena mtungi wa gesi ijadiliwe na wakuu wa afya kwa bidii ileile wanayojadili bei ya dawa.