UKISHAUZA, USIGEUZE MGONGO

Mimi nina duka la rejareja Ulaya. Usinionee wivu, siyo Ulaya ya theluji. Ni Ulaya ya Kilosa, huku njia ya kwenda Mikumi, kwa wakulima wa mpunga, mahindi na ufuta. Kozi ya biashara sijasoma, niliishia kidato cha nne. Ila kuna kitu nilifundishwa kwenye karate, nikakipuuza, kikaja kunitafuta dukani. Leo nataka niwape bure, maana mimi nilikilipia.

Karate nilijifunza Morogoro mjini nikiwa sekondari. Mtindo wetu ni Goju-ryu, wa kisiwa cha Okinawa kule Japani. Hapa kwetu ulipata mizizi miaka ya 1970 Dar es Salaam, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipoanza kufundisha vijana pale Zanaki. Wanafunzi wakazaa wanafunzi mpaka ikatufikia na sisi.

Wengi wanadhani mashindano ya karate ni kupigana tu. Hapana. Kwa kanuni tulizotumia, ngumi iliyofika vizuri ni pointi 1, inaitwa yuko. Teke la mwilini ni pointi 2, waza-ari. Teke la kichwani ni pointi 3, ippon. Lakini siyo kila pigo linalofika linahesabiwa. Refa anaangalia mambo sita: umbo la pigo, moyo wa kimichezo, nguvu, wakati, umbali, na la sita linaitwa zanshin.

Zanshin ni neno la Kijapani, ni kama kusema "moyo unaobaki". Yaani ukishapiga, akili yako ibaki palepale. Macho kwa mpinzani, mikono juu, miguu tayari. Ukipiga ngumi nzuri halafu ukageuka kushangilia, refa anaweza kukunyima pointi. Sensei wetu alikuwa anatuambia kila siku: "Pigo halijaisha mpaka refa aseme yame." Yame ni simama.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mwaka niliomaliza shule niliingia mashindano, ukumbi umejaa, jamaa zangu wote wapo. Pambano la dakika mbili. Zimebaki kama sekunde kumi na tano, naongoza 4 kwa 3. Nikaona upenyo, nikatupa ngumi ya mkono wa nyuma, nikasikia imefika. Nikanyanyua mkono, nikageuka kuwaangalia washkaji.

Refa hakuwa amesema yame. Nilichosikia ni kitu kimegusa sikio langu kama kofi la mtoto. Teke la kuzunguka. Ippon, pointi 3. Ile ngumi yangu haikuhesabiwa. Nikatoka nimefungwa 6 kwa 4.

Na hapa kuna jambo nataka ulishike. Teke lililonitoa mashindanoni HALIKUNIUMA. Karate ya pointi ndo ilivyo, kichwani unagusa kwa kujizuia, ukimuumiza mwenzio unaadhibiwa wewe. Nilishindwa bila maumivu yoyote. Nilitegemea kitu cha kunishinda kitakuwa na uchungu, kumbe hapana.

Miaka ikaenda, nikafungua duka. Msimu mmoja wa mavuno, mama alikopa shilingi 500,000 kwenye kikoba chake akanipa niongeze mzigo. Akaniambia, "Mwanangu, kikoba kinavunjwa Desemba, usiniaibishe."

Wenzangu wa vijijini mnajua mavuno yakoje. Mtu kauza ufuta, kauza mpunga, pesa ipo mkononi. Duka lililokuwa linauza elfu sitini kwa siku likawa linauza hadi laki mbili. Droo inajaa, natoa, inajaa tena. Nikajiona nimetoboa. Nikatoa milioni moja na laki tatu kwenye droo, nikanunua pikipiki iliyotumika. Watu wakaja kukopa, nikawapa, si mavuno haya, watalipa tu. Mpaka naanza kushtuka, daftari lina madeni ya 640,000.

Ilikuwa ni ileile. Nimepiga, nimenyanyua mkono, nimegeuka kwa washkaji.

Na tena haikuuma. Leo mafuta ya kupima yameisha, unasema nitaleta kesho. Wiki ijayo sukari imeisha, unasema mzigo uko njiani. Novemba naenda kwa muuzaji wa jumla nina elfu themanini tu mkononi. Mtaji unapokatika haupigi kelele. Unagusa sikio tu.

Desemba kikoba kikavunjwa. Mama hakuniambia kitu. Nilijua baadaye, nilipoingia ndani kwake nikakuta gunia moja la mpunga, wakati tulikuwa tumeweka matano ya chakula. Manne kayauza kulipa deni langu, na pungufu kaongezea kwa pesa ya kuku. Nikamuuliza, akasema tu, "Ningewaambia nini wenzangu?" Kiukweli siku ile ndo niliumia. Januari nikauza pikipiki kwa 850,000, nikaanza upya.

Nilipokaa chini nikagundua tatizo halikuwa mauzo. Nilikuwa najua kuuza. Sikujua kusimama baada ya kuuza. Haya ndo ninayofanya sasa:

1. NAJUA PESA IPI NI YANGU. Chukua mfano wa sukari. Gunia la kilo 50 umelinunua 130,000, nauli 5,000, jumla 135,000. Ukiuza kilo 3,000 unapata 150,000. Watu wengi wanaona laki na nusu. Mimi naona 15,000, na hapo bado mifuko na zinazomwagika kwenye mzani. Ile 135,000 siyo yangu, ni ya gunia linalofuata. Kila jioni kabla sijafunga mlango natenganisha: mtaji kopo lake, faida kopo lake. Matumizi yanatoka kwenye faida tu.

2. MADENI YANA UKOMO. Jumla ya madeni yote dukani haizidi elfu hamsini. Ikifika hapo, hata aje nani, namwambia daftari limejaa, na namwonyesha. Asiyemaliza la zamani hapati jipya. Wapo walionuna. Wengi wamerudi.

3. FAIDA YA MAVUNO HAILIWI WAKATI WA MAVUNO. Januari na Februari huku kwetu watu hawana kitu, mahitaji ya shule ya watoto yamemaliza kila kitu. Faida ya mavuno naiweka, sehemu nanunulia bidhaa zisizoharibika kama sabuni, chumvi na viberiti. Ikifika Februari, mwenye vitu kwenye rafu ndo anauza.

4. SIKU NZURI NDO SIKU YA KUHESABU. Zamani nilikuwa nahesabu siku mbaya tu, kutafuta pesa imeenda wapi. Sasa siku nikiuza sana ndo nakaa na daftari muda mrefu zaidi.

Hii siyo kwetu wadogo tu. Bondia wetu wa Morogoro, Francis Cheka, Agosti 2013 alimpiga Mmarekani Phil Williams pale Dar es Salaam, akachukua mkanda wa dunia wa WBF. Nchi nzima tulishangilia. Desemba mwaka uleule akaenda Urusi, akapoteza kwa KO mbele ya Fedor Chudinov. Sisemi alizembea, mimi sikuwepo kambini kwake. Nasema tu kwamba kati ya shangwe kubwa na kipigo ilipita miezi minne. Mpinzani anayefuata hangoji umalize kusherehekea.

Leo pikipiki sina, mzigo unaletwa na boda na namlipa. Mama nimemrudishia magunia yake manne, akapokea akasema asante, hakuongeza neno. Ila wali wa mwezi ule wa Januari, tuliokuwa tunapima kwa kikombe, sijausahau.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiuza vizuri leo, furahi, ni haki yako. Ila furahi macho yakiwa kwenye droo. Refa hajasema yame.

Wewe jana uliuza shilingi ngapi, na kati ya hizo ya kwako ni ngapi? Kama la kwanza unalijua na la pili hulijui, anza na hilo leo jioni. Uliye na njia yako ya kutunza mtaji, tuandikie hapo chini tujifunze wote.