Unyevu wa Udongo katika Hesabu za Watabiri wa Hali ya Hewa

Nishati ya jua inayofika ardhini hugawanyika katika njia mbili kubwa, kwa kuwa sehemu yake huipasha joto hewa iliyo juu ya udongo, na sehemu nyingine hutumika kuyageuza maji ya udongo na ya mimea kuwa mvuke. Mgawanyo huo hutegemea sana unyevu wa udongo, yaani kiasi cha maji yaliyoshikwa kati ya chembe zake. Ili milimita 1 ya maji ivukizwe kutoka eneo la mita 1 ya mraba, huhitajika nishati ya megajuli zipatazo 2.5, na nishati hiyo ikikosa maji ya kuvukiza huishia kuongeza joto la hewa. Ulaya ililishuhudia jambo hilo mwaka 2003, wakati udongo uliokauka tangu majira ya kuchipua ulipozidisha makali ya joto lililoua maelfu ya watu.

Kwa hiyo kompyuta inayotabiri hali ya hewa haina budi kupewa makadirio ya maji yaliyomo ardhini. Mwaka 1969 Syukuro Manabe, mwanasayansi mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, aliichukulia ardhi kuwa mithili ya ndoo inayohifadhi maji ya kina cha sentimita 15, ambayo ikijaa, mvua inayozidi hutiririka. Modeli za baadaye, yaani mifumo ya milinganyo inayoiga mwenendo wa angahewa na ardhi, ziliugawa udongo katika matabaka. Modeli ya Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati imekuwa ikitumia matabaka manne, la juu likiwa na unene wa sentimita 7 na la mwisho likiishia kina cha sentimita 289. La juu hukauka siku chache baada ya mvua, ilhali la chini hutunza athari ya msimu mzima.

Namba zinazotolewa na modeli hizo ni rahisi kusomwa vibaya. Udongo wa kichanga wenye maji asilimia 20 ya ujazo wake una maji tele, lakini katika mfinyanzi mzito, ambao huyashika maji kwa nguvu katika vinafasi vyake vidogo mno, mazao huweza kunyauka kwa asilimia iyo hiyo. Zaidi ya hayo, kila modeli ina vikomo vyake vya ukavu na ujazo, hivyo modeli mbili zinaweza kutoa namba zinazotofautiana sana na bado zikakubaliana kwamba mahali fulani pamekauka kuliko kawaida. Inafaa basi namba hiyo ilinganishwe na wastani wa modeli ileile, kwa mahali palepale na msimu uleule, wala isichukuliwe kuwa kipimo cha maji ya shamba la mtu.

Vipimo halisi havitoshi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS, iliyorushwa mwaka 2009, na ya Marekani iitwayo SMAP, iliyorushwa mwaka 2015, hupokea mawimbi hafifu ya redio yatokayo ardhini, lakini huona takriban sentimita 5 za juu tu, na misitu minene kama ya Kongo huwaficha watabiri hata hizo. Kituo cha Ulaya hurekebisha pia unyevu wa udongo kwa kutazama makosa ya utabiri wa joto na unyevuanga kwenye kimo cha mita 2, njia ambayo huboresha utabiri wa joto, ingawa kosa lililosababishwa na mawingu huweza kusahihishwa isivyostahili ndani ya udongo.

Mvua ni ngumu zaidi kufasiri. Uchunguzi ulioongozwa na Christopher Taylor wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kwamba mvua za alasiri, hasa katika Saheli, huelekea kunyesha juu ya udongo mkavu kuliko ule wa jirani, wakati modeli kubwa zilizolinganishwa zilielekea kuzinyesha penye maji. Sehemu kavu hupata joto haraka, hewa yake hupanda, na hewa yenye unyevu hutiririka kutoka pembeni kuijaza nafasi hiyo. Kwa hiyo mtabiri wa Saheli hupaswa kuitazama hasa mipaka kati ya ardhi iliyolowa na iliyokauka, kwani karibu na mipaka hiyo ndipo dhoruba nyingi huanzia.